Msumeno wa Mnyororo Ukigoma Shambani: Dalili, Visababishi na Tiba kwa Anayefyeka Shamba Jipya Malindi

Kaskazi ikishatulia, kuanzia Disemba hivi, milio ya misumeno ya mnyororo husikika kutoka Ganda na Kakuyuni hadi Marafa. Ni watu walionunua mashamba, ekari mbili huku, kumi kule, mengi yakiwa vichaka vya mathenge, mikorosho iliyozeeka na minazi isiyozaa tena. Kila mmoja anataka ardhi iwe wazi kabla ya mvua za masika. Baada ya muda milio hiyo huanza kukatika mmoja mmoja. Mashine inafungwa nyuma ya bodaboda, inapelekwa mjini, fundi anafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na mara nyingi kabureta haikuwa na kosa lolote.

Huku pwani mashine huuawa na vitu vitatu: mchanga, hewa ya chumvi, na petroli iliyochanganywa na oili kwa kukisia. Ndiyo maana katika kila dalili nitakayoitaja nitaanza na mnyororo, hewa na petroli, na bisibisi ya kabureta itakuja mwisho.

Kabla ya mti wa kwanza

Hakikisha bikoni za shamba, yaani alama za mipaka, ziko mahali pake na sorovea amezionyesha. Mti uliokatwa kwa jirani haurudishwi kwa samahani, hasa ukiwa mnazi au mwembe. Ukikuta vigango, vile vigingi vya mbao vilivyochongwa ambavyo Wagiriama husimamisha kwa ajili ya wazee wao waliofariki, usiviguse wala usikate miti inayovizunguka. Waulize wazee wa mtaa kwanza. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, kwa hiyo mgeni anayeonekana akisogea karibu navyo na msumeno ataulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa.

Pita pia ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS. Mbao, magogo na makaa yakitoka shambani kwako kwenda barabarani yanahitaji kibali cha kusafirishia, hata kama mti ni wako. Na usifyeke mpaka pabaki wazi kama uwanja wa mpira, kwa kuwa kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mwenye shamba awe na miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake. Ukiona mbambakofi au mkwaju mzuri, uhesabu humo na uuache.

Wapo wanaouliza kama shamba lenye digidigi na kanga wengi linaweza kuwa la kuwindia, kama jamaa zao walioko Marekani wanavyowasimulia. Kule mtu hununua kipande cha msitu, akakata njia, akapanda malisho ya kulungu, kisha akawinda kwa leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Ukipenda wanyama waje uwatazame, waachie ukanda wa kichaka kando ya mkondo wa maji. Msumeno usifike hapo.

Unakata polepole, unatoa unga na moshi

Hii ndiyo dalili inayowapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu. Injini inalia vizuri, lakini inabidi uegemee mashine kwa kifua ndipo iingie kwenye gogo. Kabla ya kulaumu nguvu ya injini, inama utazame kinachotoka chini ya bapa, yaani kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo. Mnyororo mkali hutoa chenga nene, za mraba, unazoweza kuziokota moja moja. Mnyororo butu hutoa unga laini kama wa sembe. Ukiona unga unapokata mti mbichi kwa kuupitisha upande hadi upande, jibu umeshalipata: zima, toa tupa.

Kwa nini mnyororo ufe haraka hivyo? Sababu ya kwanza ni mchanga. Ukanda wa Mambrui na Gongoni ni wa mchanga, na upepo huupeleka hadi ndani ya nyufa za magome. Gogo lililolala chini lina mchanga upande wa tumbo, na ncha ya bapa ikigusa udongo kwa sekunde moja tu makali yote yameondoka. Sehemu za Watamu na Gede kuna jiwe la matumbawe likichungulia kila mahali, nalo ni baya zaidi. Gogo lililo chini kata robo tatu, ligeuze kwa mti wa kubinulia, umalizie upande wa pili. Parua magome kwa panga pale utakapokata. Kwenye mti mkavu wenye mchwa, jua kwamba ndani umejaa udongo waliouingiza wadudu hao, hata kama nje unaonekana safi.

Sababu ya pili ni aina ya mti. Mnazi huwashangaza wengi, kwa sababu ni mgumu nje na laini katikati, kinyume cha miti mingi, na sehemu ya chini ya shina la mnazi mzee hula makali vibaya sana. Nyuzi zake nazo hujisokota kwenye gia ndogo iliyo chini ya kifuniko cha pembeni. Muhuhu ni mgumu tangu gome hadi moyo. Miembe iliyo karibu na nyumba za zamani huwa na misumari iliyopigiliwa kufungia kamba za nguo au mabati. Tembeza macho kwenye shina kabla ya kuwasha.

Kunoa si kazi ya fundi wa mjini, ni yako, na hufanyika kila unapojaza petroli. Tupa ni ya mviringo na kipenyo chake hutegemea hatua ya mnyororo, yaani wastani wa umbali kati ya ripiti zinazounga viungo vyake: milimita 4.8 kwa hatua ya inchi 0.325, milimita 5.2 au 5.5 kwa ile ya inchi 3/8 kulingana na mtengenezaji, na milimita 4 kwa 3/8 ndogo ya mashine nyepesi. Usipojua hatua ya mnyororo wako, pima umbali wa ripiti tatu zinazofuatana, ugawe kwa mbili. Sukuma tupa kwenda mbele tu, pembe ya nyuzi 30 kwa minyororo mingi, mikwaruzo sawa kwa kila jino. Anza na jino lililoumia zaidi, kisha mengine yote yapunguzwe yalingane nalo.

Sasa kile wengi wanachokisahau. Mbele ya kila jino kuna kidole kidogo kinachoamua jino liume kwa kina gani. Unavyonoa, jino linashuka ila kidole hicho kinabaki juu, mpaka siku moja mnyororo unakata nywele lakini mti hauingii. Baada ya kunoa mara kadhaa, kishushe kwa tupa bapa ukitumia kipimo chake. Kawaida kinakuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Wapo wanaokishusha sana wakitaka kasi, na hao ndio mashine huwarukia usoni.

Kama mnyororo ni mpya kabisa na haukati hata kidogo, angalia meno yanaelekea wapi. Juu ya bapa makali yanapaswa kutazama mbele, kuelekea ncha. Kuuvisha kinyumenyume kunatokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Unakata kwa kupinda

Unaanza wima, unamaliza mlazo. Chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ama meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande mwingine, kawaida kwa sababu mkono wa kulia unanoa kwa nguvu kuliko wa kushoto. Ama kingo za bapa zimelika upande mmoja. Simamisha bapa lililovuliwa mnyororo juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likisimama lenyewe ni zima, likiinama kingo zimekwisha. Ili lilike sawasawa, ligeuze juu chini kila unapovua mnyororo kusafisha.

Bapa linachemka, mnyororo unalegea kila dakika

Mnyororo unataka oili muda wote. Elekeza ncha ya bapa kwenye kisiki cheupe au kipande cha karatasi, bila kugusa, kisha ipe mashine mwendo. Usipoona mstari wa oili, haifiki. Njia nyingine ni kutazama tangi unapojaza petroli: oili ya mnyororo inapaswa kuwa karibu kwisha. Ikiwa bado imejaa, kuna mahali pameziba.

Fungua kifuniko, toa bapa, kwaruza mfereji wake wote kwa waya au kisu chembamba, na zibua kile kitundu kidogo kinachopokea oili. Hapo utatoa ugoro mweusi wa unga wa mbao na mchanga. Kama bado, chujio lililo ndani ya tangi la oili limejaa uchafu, au pampu imekufa. Pampu nyingi zinauawa na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, ambayo watu hutumia kwa kuwa ni ya bure. Ndani yake mna chembe za chuma. Afadhali oili mpya ya injini ya bei ya chini kuliko ile ya bure, na oili maalumu ya mnyororo ikipatikana ndiyo bora, maana inanata na hairushwi ovyo.

Kuhusu kukaza: mnyororo ulio baridi ukae umelala kwenye bapa upande wa chini, lakini uweze kuuvuta kwa mkono ulio na glavu. Ukiukaza wakati umepata moto, ulegeze kabla ya kuuweka usiku, kwani ukipoa hujikunja na kuvuta shafti ya injini.

Haiwaki kabisa

Kwanza swichi. Ndiyo, swichi. Halafu breki ya mnyororo, halafu petroli.

Ikiwa umevuta kamba mara nyingi na kuna harufu kali ya petroli, umeizamisha. Toa choki, shika aksileta hadi mwisho, vuta mara kadhaa. Isipowaka, fungua plagi, ikaushe, geuza mashine kitundu kitazame chini na vuta kamba kumwaga kilichomo.

Plagi inasema mengi. Ya kahawia au kijivu ni afya. Nyeusi yenye unyevu wa oili inaonyesha chujio la hewa limeziba, au oili imezidi kwenye mchanganyiko. Nyeupe iliyokauka ni ya hatari: injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na ukiendelea hivyo pistoni itashika. Nafasi kati ya ncha zake ni milimita 0.5. Kujaribu cheche, ivishe waya wake, gusisha chuma chake kwenye silinda mbali na tundu, uvute kamba. Fanya hivyo pasipo petroli iliyomwagika karibu.

Cheche ipo, petroli ipo, bado kimya? Inyanyue mashine nzima kwa mpini wa kamba ya kuwashia. Silinda nzima huishikilia na kuishusha kwa mikupuo. Ikianguka moja kwa moja, mgandamizo umekwisha na hiyo si kazi ya shambani.

Inawaka, lakini ukiipa mwendo inakufa

Hapa ndipo petroli inapohukumiwa. Oili ya tu-stroki iliyo bora huchanganywa sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Oili ya kawaida ya pikipiki za zamani mara nyingi hutaka 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa hizo lita 5. Soma kopo na kitabu cha mashine. Vikipingana, fuata kile chenye oili nyingi zaidi. Usipime kwa kifuniko cha chupa ya soda. Na petroli ya chupa zinazopangwa kando ya barabara iache ilipo, maana hujui imekaa juani tangu lini wala imetiwa nini.

Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja kwenye joto letu hili mwage kwenye moto wa… hapana, usimwage kwenye moto wowote. Mpe mwenye gari autie kidogo kidogo kwenye tangi lililojaa.

Kama petroli ni safi, legeza kifuniko cha tangi robo ya mzunguko huku injini ikiwa baridi, kisha ijaribu ikiwa imesimama wima. Ikipata uhai, kitundu cha kupumulia tangi kimeziba. Ikibaki vilevile, vuta chujio la petroli kwa waya uliokunjwa ncha. Likiwa jeusi au gumu, badilisha. Kisha chujio la hewa: lipigepige, lioshe kwa maji ya sabuni ikiwa mtengenezaji anaruhusu, likauke kabisa. Katika mashamba ya mchanga chujio husafishwa kila siku, wala si kila wiki.

Mahali pa mwisho, ambapo hata mafundi wengine hupasahau, ni kile kiwavu kidogo ndani ya ekzosi. Kikijaa masizi, injini haipumui. Kisafishe kwa brashi ya waya na ukirudishe. Kazi yake ni kuzuia cheche, na wakati wa kaskazi nyasi kavu hazihitaji kubembelezwa ili ziwake. Kwa sababu hiyohiyo jaza petroli injini ikipoa, na uwashe umbali wa mita tatu kutoka pale ulipojazia.

Ikiwa yote hayo ni mazima, sasa mkabidhi fundi kabureta.

Ikiwa baridi inawaka, ikipata moto inagoma

Ikigoma tu, fungua plagi papo hapo ujaribu cheche. Kama hakuna, na baada ya nusu saa imerudi, koili ya umeme inakufa kwa joto. Kama cheche ipo, tazama mapezi ya kupozea silinda chini ya kifuniko cha juu. Yakiwa yamejaa unga na nyuzi za minazi, injini ilikuwa inachemka.

Mnyororo unazunguka bila kushika aksileta

Simamisha kazi. Huenda mwendo wa kupumzika umewekwa juu, na skrubu yake ukiilegeza kidogo mnyororo unasimama. Usiposimama, springi za klachi zimekatika au zimelegea. Lakini kama injini inapanda mwendo yenyewe na kushuka, hewa inaingia mahali, kwenye kasha la injini au mpira wa kabureta. Injini ya namna hiyo huungua kwa muda mfupi. Isiwashwe tena mpaka ifunguliwe.

Bapa limebanwa mtini

Mashine haina kosa hapa. Gogo lililoegemea ncha zote mbili hujibana upande wa juu, kwa hiyo kata juu theluthi moja kisha umalizie kutoka chini. Lililoning'inia upande mmoja lina mkazo juu, kwa hivyo anza chini. Kabari mbili za plastiki au mbao ngumu zikae mfukoni, si kwenye pikipiki. Likishabanwa, zima injini kwanza. Kuvuta huku inawaka ndiko kunakopinda bapa na kumrudishia mtu mnyororo mwilini.

Mvinje ulioinama na kusi una hatari ya pekee: ukiukata kutoka nyuma hupasuka wima na kipande kikampiga mkataji kifuani. Miti ya namna hiyo mwachie mzoefu. Mnyaa uliopandwa kama ua usiukate kwa msumeno kabisa bila miwani iliyofunika pande zote, kwa sababu utomvu wake ukirushwa machoni unaweza kukupeleka hospitali. Panga refu linatosha.

Ulikata, na mti umerudi

Mathenge ndiyo malalamiko makubwa Magarini na kwenda Tana. Uliletwa Kenya miaka ya 1970 ili kufunika ardhi iliyo wazi, na kazi hiyo umeifanya kupita kiasi. Ukiukata juu ya ardhi unachipua mashina mengi kuliko ya mwanzo, kwa kuwa macho yake yamelala kwenye shingo ya mzizi, chini ya udongo. Msumeno unaondoa mwili tu. Baada yake chimbua ukate mzizi chini ya shingo hiyo, sentimita 20 hadi 30, kwa shoka na sururu, maana kuuzamisha mnyororo udongoni ni kuutupa. Mbuzi wakila maganda yake hueneza mbegu kwa samadi, hivyo usiwafungue kwenye sehemu uliyosafisha maganda yakiwa yamekomaa. Miiba yake hutoboa soli ya ndara na tairi, vaa viatu vigumu.

Mwarobaini nao huchipua, ila hapo ni faida: acha chipukizi moja lililonyooka, utapata mti wa kujengea. Mikorosho mizee ikikatwa vizuri huweza kupandikizwa vikonyo vya aina bora kwenye machipukizi, kwa hiyo usikimbilie kung'oa visiki. Magogo ya minazi yasiachwe yaoze shambani, kwani ndimo mbawakawa mwenye pembe anamotagia mayai, kisha wakubwa wao wanapanda kutafuna minazi iliyo hai. Pasua mbao, au choma.

Kuihifadhi, na la kumuuliza fundi

Mtu aliye karibu na ufuo ataona kutu kwenye mnyororo baada ya siku chache tu. Uvue, uoshe kwa petroli kidogo, uzamishe kwenye chombo cha oili. Tangi limwagwe, injini iwashwe mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke. Mashine ikae ndani, juu ya rafu, si sakafuni kwenye saruji yenye unyevu.

Ikifika siku ya pistoni kushika na ukaipeleka mjini, usikubali kuambiwa tu kwamba "imekufa". Mwambie fundi akuonyeshe mikwaruzo iko upande gani. Ikiwa upande wa ekzosi, oili ilipungua kwenye mchanganyiko au injini ilipata hewa kupita kiasi. Ikiwa upande wa kabureta, mchanga ulipita kwenye chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa vizuri, na usipolibadilisha hilo, pistoni mpya itaisha vilevile.